Suti ya Mkwe

Pasi ya makaa ikipita juu ya sufu yenye unyevu hutoa harufu ya kondoo aliyenyeshewa. Watu wa rika langu wakiinusa hukumbuka mama zao na sare za shule, wakatabasamu. Mimi hukasirika. Majuzi nilipita mbele ya kibanda cha dobi hapa Kitale, harufu ikanikuta na mfuko wa nyanya mkononi, nikasimama nimekunja uso mpaka yule dobi akaniuliza kama kuna nguo yangu aliyoiunguza.

Hakuna nguo aliyoiunguza. Ukutani nyuma yake kulikuwa na bango. Mzee mwenye nywele zilizopakwa rangi nyeusi, gita likining'inia kiunoni, na maneno makubwa yakitangaza kwamba Bungoma itamsherehekea Sura, mfalme wa roki, na maisha yake yote ya muziki. Ningempita kama mabango mengine yanavyopitwa, lakini kwa ile harufu na lile bango pamoja, niliona kama mtu amepanga kunichokoza.

Nikiwa mtoto tulikaa hapa hapa Kitale, mama na mimi, katika chumba kimoja nyuma ya duka la vitambaa. Mchana mama alishona kwenye veranda ya duka hilo. Alikuwa ameolewa, ndoa ikamshinda, akarudi kwao Sirisia na mimi mgongoni. Maswali ya watu yalipozidi akabeba cherehani yake ya miguu akaja mjini. Hayo niliyajua vipande vipande, maana mambo ya wakubwa hayamfikii mtoto yakiwa mazima. Nilichokijua vizuri ni kwamba sikuwa na baba, na kwamba kila tulipokwenda Sirisia, kuka, yaani babu yangu mzaa mama, alimsalimu binti yake akiangalia pembeni.

Sura alikuwa mteja wa mama. Alikuwa na jina lake la kawaida, lakini watu walimwita Sura kwa kuwa hakuwa na moja. Bendi nyingine zote za kwetu zilipiga muziki wa kunengua kiuno. Yeye alipiga roki, gita likilia kama bati linalopasuliwa, na kila msimu alibadilika mtu mzima. Kwanza alikuwa Mwanaanga, ndani ya suti inayong'aa ambayo mama aliishona kwa zile karatasi za fedha zinazowekwa ndani ya makasha ya chai. Msimu uliofuata Mwanaanga akafa, akaja Fahali mwenye pembe, akiparua jukwaa kwa mguu kama mafahali wetu wa kupiganishwa. Baada ya Fahali akaja Bibi Harusi, shela hadi magotini na gita begani, na wachungaji wakapata la kuhubiri.

Mimi niliamini mama ndiye aliyekuwa akiwaumba. Ningeaminije vinginevyo? Nilikiona kitambaa, nikaiona chaki, nikauona mkasi. Kisha Sura aliingia nyuma ya pazia akiwa Sura, akatoka mtu mwingine, mwendo mwingine na sauti nyingine. Nikajua basi kwamba mtu ni nguo, na kwamba mama yangu akitaka anaweza kushona mtu yeyote. Siku moja nilimwomba anishonee mwalimu asiyechapa. Alicheka mpaka uzi ukamkatikia.

Sura alikuwa akija na mandazi, akakaa juu ya kreti ya soda, akaniita fundi mdogo. Jioni alikula nasi ugali. Majirani walisema wanayosema majirani. Nami nilianza kukiangalia kile kiti alichokalia akila, na alipoondoka sikutaka mtu mwingine akikalie.

Halafu siku moja akaja bila mandazi.

"Mama Nekesa," alisema, "nishonee suti ya kahawia. Suti ya heshima, haina mambo mengi."

"Ya onyesho gani hiyo?"

"Si ya onyesho. Nataka twende nayo kwenu Sirisia. Mzee anijue."

Mguu wa mama ulisimama kwenye kanyagio. Vipimo vya Sura alivijua kwa moyo, mabega, kifua, urefu wa mkono, lakini alichukua futi yake akasema, "Simama nikupime." Akampima upya, taratibu, kama mtu ambaye hajawahi kumwona.

Suti ile ilichukua muda kuliko zote. Sufu nzuri, bitana ya hariri ya bandia, vifungo alivyovitafuta duka baada ya duka. Kila mshono alinyunyizia maji akaugandamiza kwa pasi ya makaa, na chumba chetu kikanuka kondoo. Mimi nilishika kopo la pini. Nilizitoa moja moja, nikijua kabisa kwamba tunashona baba.

Tulipokwenda Sirisia, Sura aliniuliza maswali njia nzima. Mzee hukaa kiti gani? Akitaka kusema jambo zito huanzaje? Nikamwambia kuka hukohoa mara tatu kwanza, kavu, kama anayegonga mlango. Akaniomba nimwonyeshe, nikamwonyesha, akarudia mpaka akapatia. Niliona hayo ni mapenzi. Mtu anayewapenda watu wako si huuliza habari zao?

Na alipofika alikuwa mkwe asiye na kasoro. Kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni wala hawashikani mikono, kwa hiyo kukhu, bibi yangu, alijifungia jikoni, na Sura alipopita mlango ule aliinamisha kichwa akatazama ardhi. Alingoja aambiwe akae ndipo akakaa. Aliongea kwa sauti ya chini. Wajomba walitazamana, nikaona wameridhika.

Kuku akaja. Mimi ndiye niliyewanawisha mikono. Sasa, mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa, lakini wengine nawaeleza: firigisi ya kuku ni ya mwenye nyumba. Mwanamke haili, mtoto haigusi, na mpishi akiisahau ni kesi. Mwenye nyumba akimsukumia mtu mwingine firigisi yake, amemkubali kuwa wa nyumbani, na neno hilo halirudishwi. Kuka alikuwa mchoyo wa firigisi kupita kiasi, hata askofu alipomtembelea aliila mwenyewe. Siku ile alifunua bakuli, akaikuta, akaisukuma kwa kidole mpaka upande wa Sura.

"Hii ni yako, kijana," alisema. "Kura." Kuka, kama wengi wa kwetu, l na r zilimchanganyikia mdomoni.

Sura akatafuna polepole, macho amefumba. Kuka akakohoa mara tatu. Kisha akamtazama mama. Nilikuwa nimeshika birika na niliona vizuri. Alimtazama usoni, hakuangalia pembeni, akawaambia wote waliokuwepo, "Huyu mtoto wangu arirudi hapa kichwa chini. Reo ameinua."

Mama alitoka akaenda nyuma ya nyumba. Nilimfuata nikamkuta anajifuta uso kwa kanga, na aliponiona alicheka. Sijui kama nimewahi kuwa na furaha kama ile tena. Nilikuwa na baba, na tena baba aliyeshonwa na mama yangu mwenyewe.

Haukupita muda mrefu Sura akapanga onyesho kubwa Bungoma mjini, uwanjani, mchana wa Jumamosi. Akasema lazima mzee aje. Kukhu alikataa kwa sababu ya ukwe, lakini kuka alikuja, amevaa koti lake la kanisani na kofia, mtu ambaye maishani hakuwahi kusimama karibu na spika. Tuliwekwa benchi la mbele. Mama alikuwa na gauni jipya.

Tulingoja Bibi Harusi au mwingine mpya. Akatoka Sura na suti ya kahawia. Mama alinishika mkono, na mimi nikajua anakuja kututangaza. Nilijinyoosha ili watu waone vizuri ni nani anayetangazwa.

Jukwaani kulikuwa na meza, kiti na bakuli. Gita likakwaruza mara tatu, kavu, na lilikuwa kikohozi cha kuka kabisa. Watu wakaanza kucheka. Sura akapita mbele ya jiko la kuigiza akiziba macho kwa mikono miwili, akajikwaa, akaanguka, akatambaa. Akaketi. Akafunua bakuli, akainyanyua firigisi juu ya kichwa chake kama kombe, akaitafuna macho yakimzunguka, na uwanja mzima ukaegemeana kwa kicheko. Nami nilicheka. Alikuwa anamwigiza kuka vizuri mno, na nilidhani ni zawadi aliyomwandalia.

Kisha akaimba, kwa sauti ya kuka, na r za kuka: huyu mtoto wangu arirudi hapa kichwa chini. Ngoma zikapasuka. "Reo ameinua!" Na mara ya pili hakuhitaji hata kuimba. Uwanja ulimwimbia, maelfu ya midomo: "Reo ameinua!"

Kuka akakohoa. Hakukusudia, ndivyo koo lake lilivyokuwa. Mara tatu. Waliokaa karibu wakageuka wakampigia makofi, wakidhani ni mmoja wa bendi. Kijana mmoja akampiga begani. "Mzee, wewe ni mkali bana!"

Kuka alivaa kofia yake vizuri, akasimama, akapita katikati ya watu wanaomcheka bila kumjua. Mama hakusimama. Alikuwa anaiangalia suti. Vidole vyake viwili vilikuwa vimebanana mapajani kana kwamba vimeshika sindano, na hapo ndipo kicheko kiliponikauka.

Wimbo ule ulikwenda kila mahali, Kitale, Ndalu, hadi Lwakhakha ukavuka mpaka. Watoto wa shule waliniimbia bila hata kujua wananiimbia mimi. Mkwe, ndivyo alivyomwita yule mtu wa suti ya kahawia, ndiye aliyemfanya Sura kuwa Sura. Mimi kwa muda niliendelea kungoja, kwa akili yangu ya kitoto, kwamba suti bado ni ile ile na siku moja itarudi na baba ndani yake. Huko Sirisia kuka hakuila firigisi tena. Kukhu akaizoea hali hiyo, akawa anaikatakata na kuipoteza ndani ya mchuzi, na hakuna aliyeuliza. Kuka alikufa bila kulitaja jina la Sura.

Lakini kilichoniuma zaidi hakikutokea uwanjani. Wiki kadhaa baadaye Sura alikuja verandani, akavuta kreti yake, na mandazi mkononi.

"Si ni muziki tu, Mama Nekesa," alisema. "Watu wamempenda mzee, wacha tu."

Mama hakuinua macho. "Unataka nini?"

Alitaka joho la Mfalme wa Umeme, jeusi, lenye mabega mapana. Nikangoja mama amtupie pasi ya makaa. Mama akachukua futi akasema, "Simama nikupime."

Nililibwaga kopo la pini sakafuni. Zilitawanyika hadi barabarani, na sikuokota hata moja, na mama hakunigombeza. Sura kunisaliti, sawa, mtu wa sura nyingi utamlaumu ipi? Mama nilikuwa na mmoja tu. Alimshonea joho lile, na lililofuata, na mengine mpaka nikamaliza shule, na kwa kila moja nilihesabu kwamba amemuuza kuka tena. Nilipoanza kazi nilimtumia mahitaji yake kila mwezi na nikamtembelea mara chache. Tuliongea habari za mvua na mahindi.

Nilipomwambia kwa simu kuhusu bango, alikuwa anajua. Amezeeka sasa, amerudi Sirisia, ana nyumba yake kwenye kipande alichoachiwa na kuka. Waandalizi walikuwa wamemwalika kama fundi wa Sura.

"Magoti hayanibebi," alisema. "Lakini wewe pitia hapa Jumamosi asubuhi. Kuna kitu utampelekea."

Nikafika. Alikuwa amechinja jogoo, amempika kwa mchuzi mzito wa kienyeji, na anamfungia ndani ya hotipoti kwa kitambaa cheupe. Damu ilinipanda kichwani.

"Mama, wewe bado unampikia huyu mtu?"

"Ni siku yake. Mtu hupikiwa siku yake."

"Alimfanya kuka kichekesho cha dunia nzima!"

"Nekesa, kuku atapoa. Na usimfungue njiani."

Nilimbeba yule kuku hadi Bungoma nikitamani kumtupa mtaroni. Ukumbi ulijaa. Wazee waliokuwa vijana wakati ule, na vijana waliomjua Sura kupitia simu. Ukutani walisimamisha sanamu za dukani zilizovishwa sura zake zote, na mwisho wa safu, Mkwe. Niliisogelea suti ile mpaka nikaona mishono ya mama ndani ya kola. Mtu alikuwa ameipiga pasi asubuhi hiyo. Ilinuka kondoo.

Mshereheshaji, kijana mwenye miwani ya rangi, alipaza sauti, "Niaje Bungoma! Leo tunampea mzee maua yake!" Akayasifu yote. Akasifu hata ule mtindo wake wa baadaye, wa kupiga gita chini kiunoni viwiko vimeshikamana na mbavu, ambao ati vijana wa Nairobi wanauiga. Kisha akamuuliza Sura, "Na Mkwe je, mzee? Yule ulimtoa wapi?"

Sura alitabasamu. "Huyo nilimtoa hapa," akagonga kipaji chake. "Kichwani tu."

Watu wakapiga makofi. Nilikuwa nimekuja, nadhani sasa, nikingoja aseme Sirisia. Neno moja tu. Nilikuwa mtu mzima mwenye mvi, na bado nilikuwa nimekaa benchi la mbele nikingoja kutangazwa.

Ndipo wakaniita: binti wa fundi wake ameleta zawadi kutoka kwa mama. Sura alipoona hotipoti alirudi ujana. Akavuta meza, akatia leso shingoni, akakohoa mara tatu kwenye maikrofoni, na ukumbi ukalipuka. "Hii ni yako, kijana!" akajiambia kwa sauti ya kuka. "Kura!" Akafunua, akaingiza vidole ili aiinue juu kama anavyofanya miaka yote, na watu wakavuta pumzi tayari kumwitikia.

Vidole vikatafuta. Akageuza paja, akageuza mgongo, akainua shingo akaichungulia chini. Akacheka, akatafuta tena. Hakuna aliyeitikia. Wale si watu wa kuelezwa, kila mmoja alikulia kwenye kuku. Kutoka nyuma mama mmoja akasema, "Haiko!" na kicheko kikaanza kikakatika. Mzee mmoja karibu nami akasema polepole, kwa jirani yake, "Basi hapo hawakuwahi kumwoza."

Sura alinitazama, mchuzi ukimtiririka mkononi. Nilimngoja abadilike awe mtu mwingine, maana ndiyo kazi yake, lakini alibaki yule yule.

"Mama yako amesahau," alisema, nje ya maikrofoni.

"Mama hasahau, Anko."

Nikachukua kitambaa cheupe nikatoka.

Jua lilikuwa bado lipo nilipofika Sirisia. Mama alikuwa amekaa mlangoni, miguu ameinyoosha.

"Alitafuta?" aliniuliza.

"Alitafuta hadi chini ya shingo."

Akatikisa kichwa, hakucheka. Nilikaa karibu naye, nikamuuliza nililotakiwa kumuuliza nikiwa mtoto. Kwa nini aliendelea kumshonea.

"Ulikuwa unakula nini, Nekesa? Na zile karo?" alisema. Halafu akaongeza, "Na makwapa nilikuwa namkaza. Kila nguo, kidogo kidogo. Akilalamika namwambia ndio fasheni. Tangu lile joho jeusi hajainua gita juu."

Nilicheka mpaka machozi, na machozi yakakataa kusimama hata kicheko kilipokwisha. Mama aliniacha. Kisha akaingia ndani, akatoka na sahani iliyofunikwa kwa sahani. Firigisi ilikuwa katikati, nzima, imekaangwa na kitunguu.

"Mama, wanawake hatuili."

"Aliyekuwa na ruhusa ya kuitoa ni kuka wako, na alimpa mtu vibaya." Akachukua kisu, akaikata vipande viwili, akanisukumia kimoja kwa kidole. "Hii ni yako. Kula."

Ilikuwa ngumu kidogo, na chumvi ilizidi. Tuliimaliza yote.